Zahanati na Majeraha ya Akili Baada ya Maafa

Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa kunyesha, tope lililochanganyika na mawe na magogo liliporomoka kutoka katika miteremko ya Mlima Hanang, mkoani Manyara, likafunika sehemu ya mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Kama ilivyo desturi baada ya maafa, zilitangazwa hesabu za maiti, za majeruhi na za nyumba zilizobomoka. Hesabu hizo ni za lazima, kwani bila ya hizo misaada haiwezi kugawiwa kwa haki. Lakini ipo hesabu nyingine ambayo aghalabu haitangazwi popote, nayo ni ya watu wanaotoka katika maafa wakiwa wazima wa viungo, wasio na hata mchubuko, ila kila mvua inapogonga bati mioyo yao huenda mbio na usingizi hutoweka hadi kunapambazuka.

Ni nani mwenye wajibu wa kuwatunza watu hao? Jibu lililozoeleka ni kwamba wataalamu wa maradhi ya akili wapelekwe haraka mahali pa tukio. Jibu hilo lina nia njema, lakini ni pungufu. Wataalamu ni wachache, hukaa mbali, na hurejea makwao baada ya siku chache, ilhali majeraha ya akili huanza kujidhihirisha hasa wakati ambao magari ya misaada yameshaondoka. Wahenga walisema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Fimbo iliyo karibu ni zahanati ya kijiji, pamoja na tabibu, muuguzi, mkunga na mhudumu wa afya anayepita nyumba kwa nyumba. Hao ndio wanaopaswa kukabidhiwa kazi hii, na wakabidhiwe kabla ya maafa, si baada yake.

Kinachotokea katika ubongo

Ili kuielewa kazi yenyewe, yafaa kwanza kuelewa kile kinachompata mtu anaponusurika. Ndani ya ubongo, karibu na masikio, kuna sehemu mbili ndogo zenye umbo la lozi, moja kila upande, ziitwazo amigdala. Sehemu hizi hufanya kazi kama mlinzi wa zamu: zinapotambua hatari hupeleka habari, na tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni za adrenalini na kortisoli katika damu. Moyo hupiga kwa kasi, pumzi huongezeka, misuli hukaza, na mtu huwa tayari kukimbia au kupambana. Bila ya utaratibu huo binadamu asingedumu duniani.

Shida hutokea pale mlinzi huyo anapokataa kuondoka zamu hata baada ya hatari kupita. Kishindo cha mlango, harufu ya tope au sauti ya maji huamsha upya hali ile ile, kana kwamba tukio linajirudia. Mwenye hali hiyo hulala kwa kushtukashtuka, huota ndoto za kutisha, hukwepa njia au mahali panapomkumbusha, na hukasirika kwa jambo dogo. Katika siku na majuma ya kwanza hayo yote si maradhi. Ni mwili wenye afya unaoitikia jambo lisilo la kawaida.

Vivyo hivyo kwa huzuni. Waswahili wanalo neno kihoro, yaani majonzi mazito ya kupotewa na mtu au kitu cha thamani, na wanayo desturi ya matanga ambayo humzunguka mfiwa kwa watu, chakula na sala, kisha huanuliwa ili maisha yaendelee. Desturi hiyo ni tiba iliyopimwa na vizazi vingi. Maafa makubwa huivuruga. Waliopaswa kuhani nao wamefiwa. Nyumba ya kukalia matanga imebomoka. Tena zipo ajali ambazo maiti hazipatikani. Meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, na kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, mamia walikufa maji. Katika ajali za namna hiyo wapo ndugu wanaobaki pasipo kaburi la kuzuru, na pasipo siku ya kusema kwamba kilio kimekwisha.

Wengi hupona, wachache huugua

Jambo la kwanza ambalo mhudumu hana budi kulijua ni kwamba walio wengi hupata nafuu kadiri siku zinavyopita, iwapo watapata usalama, chakula, makazi na watu wa kuwategemea. Walio wachache huendelea kuugua. Shirika la Afya Duniani, kwa kuchambua tafiti zilizofanywa katika maeneo yaliyopitiwa na vita, lilitoa makadirio mwaka 2019 kwamba karibu mtu 1 kati ya 5 huko huwa na sonona, wasiwasi uliopita kiasi, maradhi ya baada ya kiwewe au ugonjwa mwingine wa akili. Vita na maporomoko ya ardhi si jambo moja, na takwimu za huku zisihamishiwe kule bila ya uangalifu. Hata hivyo zinaonyesha kwamba kazi inayozungumzwa si ndogo.

Afrika Mashariki ina uchunguzi wake. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuka katika ubalozi wa Marekani mjini Nairobi, likaua watu zaidi ya 200 na kujeruhi maelfu. Daktari wa maradhi ya akili Frank Njenga na wenzake walikusanya majibu ya Wakenya 2,883 walioguswa na mlipuko huo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Asilimia 35 walikuwa na dalili zinazokaribia zile za maradhi ya baada ya kiwewe. Dalili zilionekana zaidi kwa waliojeruhiwa, waliouona mlipuko kwa macho yao na waliofiwa. Hilo halishangazi. Linalostahili kuzingatiwa ni kwamba zilionekana zaidi pia kwa wale ambao hawakuwa wamemweleza rafiki yaliyowasibu, na kwa wale waliopatwa na dhiki ya fedha baada ya tukio.

Mwanafunzi wa sayansi atakumbuka kwamba mambo mawili kuandamana si ushahidi tosha kwamba moja limezaa jingine. Huenda aliyeumia zaidi ndiye aliyeshindwa kusema. Pamoja na tahadhari hiyo, uchunguzi ule unaelekeza macho mahali panapofaa. Bomu halirudishwi nyuma, wala tope halirudishwi mlimani. Lakini upweke na dhiki hufuata baadaye, na yanayofuata baadaye yanaweza kupunguzwa na watu walio karibu.

Kwa nini zahanati

Mtu aliyejeruhiwa akili ni nadra aende kwa tabibu na kusema kwamba akili yake inaumwa. Huenda na kichwa kinachogonga, tumbo linalosokota, moyo unaokwenda mbio, mwili usio na nguvu. Husema ana mawazo mengi. Hupimwa malaria, hupewa vidonge vya maumivu, na baada ya juma moja hurudi. Kwa hiyo zahanati inawahudumia watu hawa tayari. Kinachokosekana ni kuwatambua. Tabibu akiongeza maswali machache tu, yaani analalaje, anakula, anaweza kufanya kazi zake za kila siku, na alimpoteza nani, atapata habari ambazo hakuna kipimo cha damu kitakachompa.

Sababu ya pili ni aibu. Hospitali ya maradhi ya akili, kama ile ya Mirembe mjini Dodoma, ni ya lazima kwa wagonjwa mahututi, lakini jina lake pekee huwatisha watu wengi, na anayepelekwa huko huonekana amepewa chapa. Hakuna anayeonewa haya kwa kuketi katika benchi la zahanati, mahali ambapo mama hupeleka mtoto kupimwa uzito.

Sababu ya tatu ni wagonjwa ambao maafa huwakuta wakiwa tayari katika tiba. Mwenye kifafa aliyekuwa akimeza dawa kila siku, kisha dawa hizo zikachukuliwa na maji, yumo katika hatari ya kupata degedege mfululizo linaloweza kumuua. Mwenye maradhi mazito ya akili aliyetulia kwa dawa anaweza kurudiwa na ugonjwa katikati ya kambi ya waathirika, akafungwa kamba au kufukuzwa. Ni zahanati pekee yenye daftari la majina yao, na ni muuguzi pekee ajuaye kwamba mtu fulani wa kitongoji fulani hajaonekana. Hapa kuchelewa kwa siku tatu kunaweza kuwa tofauti ya uhai na kifo.

Kazi yenyewe

Kazi ya mhudumu inaweza kuelezwa kwa mafungu manne. La kwanza ni huduma ya kwanza ya akili, ambayo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na washirika wake wa mwaka 2011 uliifupisha katika vitendo vitatu: kutazama, kusikiliza na kuunganisha. Mhudumu hutazama nani yumo hatarini na nani ana haja ya haraka. Husikiliza kwa utulivu bila kumlazimisha mtu aseme asichotaka. Kisha humuunganisha na jamaa zake, na chakula, na habari za kweli kuhusu waliopotea. Habari za kweli ni tiba, kwa kuwa uvumi huzidisha hofu.

La pili ni kutambua wachache wanaohitaji zaidi. Mtu ambaye kwa majuma kadhaa hawezi kuamka kwenda shambani, hali chakula, hamjali mtoto wake, amezama katika pombe, anasikia sauti wasizozisikia wengine au anatamka kwamba ni afadhali afe, huyo hapaswi kuambiwa ajikaze. Anayetaja kifo aulizwe waziwazi kama amefikiri kujiua. Wapo wanaodhani kwamba swali hilo humpandikizia mtu wazo asilokuwa nalo. Hakuna ushahidi wa hilo, na aghalabu muulizwaji hupata faraja kwa kuona kuna anayethubutu kusikiliza. Mtu huyo asiachwe peke yake, na apelekwe kituo cha afya au hospitali ya wilaya akiwa na msindikizaji.

La tatu ni kurudi. Ziara moja haitoshi. Mhudumu apange kuzipitia nyumba zilizofiwa baada ya mwezi mmoja, miezi mitatu, na pia mwaka unapotimia, kwa kuwa siku ya kumbukumbu huamsha majonzi. Katika ziara hizo aulize pia habari za watoto. Mtoto hasemi kwamba ana huzuni; huanza tena kukojoa kitandani, hung'ang'ania nguo ya mama, hucheza mchezo wa kuzikana, au hukaa darasani macho yakiwa dirishani.

La nne ni kusaidia jamii irudishe desturi zake. Mazishi yenye heshima, ibada ya pamoja kwa wasiopatikana, shule kufunguliwa mapema, vijana kupewa kazi ya kujenga: hayo si mambo ya kando. Mhudumu hana mamlaka ya kuyaamuru, lakini ana nafasi ya kumweleza mwenyekiti wa kitongoji, shehe na padri kwamba yana faida kwa afya.

Yapo pia yasiyofaa kufanywa, hata kwa nia njema. Katika miaka ya 1980 na 1990 ilienea desturi ya kuwaketisha walionusurika mara tu baada ya tukio na kuwataka wasimulie kila kitu kwa undani, kwa imani kwamba moyo ungesafishika. Uchambuzi wa majaribio mbalimbali uliochapishwa mwaka 2002 haukuona kwamba kikao kimoja cha namna hiyo huzuia maradhi, na katika jaribio mojawapo waliosimulishwa walionekana kuwa na hali mbaya zaidi. Halikadhalika, Shirika la Afya Duniani mwaka 2013 lilishauri kwamba dawa za kutuliza za jamii ya diazepamu zisitolewe kutibu mfadhaiko wa mwezi wa kwanza baada ya tukio. Hazizuii maradhi yanayofuata, na zina hatari ya kumzoesha mtu.

Pingamizi na majibu yake

Pingamizi la kwanza, nalo ni zito, ni kwamba wahudumu wa zahanati tayari wameelemewa. Muuguzi mmoja huzalisha, huchanja, hufunga vidonda na kujaza madaftari. Kumwongezea mzigo ni kumwonea. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu zaidi kama wagonjwa hawa wasingekuwa wakimfikia. Lakini wanamfikia, wanarudi mara kwa mara, na wanatumia muda na dawa pasipo kupona. Kuwatambua ni kupunguza mzigo.

Pingamizi la pili ni kwamba mambo ya akili ni ya wenye shahada. Hapa mfano wa Zimbabwe una mafunzo. Mwaka 2005 serikali ya nchi hiyo iliendesha operesheni ya kubomoa makazi na vibanda vya biashara mijini, na Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba watu 700,000 walipoteza makazi, riziki au vyote viwili. Mwaka uliofuata, katika mtaa wa Mbare mjini Harare, daktari Dixon Chibanda alianza kufanya kazi na mabibi 14 waliokuwa tayari wahudumu wa afya wa mtaa. Walifundishwa kuketi na mgonjwa katika benchi nje ya kliniki, kumsikiliza, na kumsaidia achague tatizo moja na kulitafutia ufumbuzi wa hatua kwa hatua. Hawakutumia majina ya kigeni ya maradhi. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, neno ambalo kila mgonjwa alilielewa.

Njia hiyo ilipimwa kisayansi. Kliniki 24 za Harare ziligawiwa kwa bahati nasibu katika makundi mawili, na wagonjwa 573 wenye matatizo ya kawaida ya akili, ambao si lazima wawe waliobomolewa nyumba, walifuatiliwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: baada ya miezi 6, asilimia 13.7 ya waliopata huduma ya benchi walikuwa na dalili za sonona, wakati katika kundi lililopata huduma ya kawaida walikuwa asilimia 49.9. Lakini funzo lisikatwe nusu. Mabibi wale walifunzwa, walisimamiwa, na walikuwa na mahali pa kumpeleka mgonjwa aliyewazidi. Mhudumu anayepewa semina ya siku mbili kisha akasahauliwa hatafanya muujiza. Isitoshe, mhudumu mwenyewe hukaa kijijini. Huenda naye amefiwa siku ile ile. Asiyekuwa na wa kumsikiliza hatadumu katika kuwasikiliza wengine.

Wajibu uliocheleweshwa

Wazo hili si geni Tanzania. Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 kuhusu afya ya msingi lilitamka kwamba afya ni ukamilifu wa mwili, akili na maisha ya jamii; lakini katika orodha ya huduma za msingi iliyofuata, akili haikutajwa. Tanzania ilijaribu kuziba pengo hilo katika miaka ya 1980, pale mpango wa taifa wa afya ya akili ulipofanyiwa majaribio katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro, kwa kuzitumia zahanati na vituo vya afya kuwatibu wagonjwa karibu na makwao. Njia ilishaonyeshwa zamani.

Nchi nyingine zilisubiri maafa ndipo zikajifunza. Kabla ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, jimbo la Aceh nchini Indonesia, lenye watu wapatao milioni 4, lilikuwa na hospitali moja tu ya maradhi ya akili na takriban hakuna huduma nyingine. Baada ya maafa, wauguzi wa vituo vya afya vya msingi walifundishwa kazi hiyo, na kufikia mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliripoti kwamba wilaya 13 kati ya 23 za jimbo hilo zina bajeti maalumu za afya ya akili. Ni mafanikio ya kusifiwa, lakini yalinunuliwa kwa bei ambayo hakuna taifa linalopaswa kuisubiri.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 Tanzania ilizindua mpango wa kuwafunza wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 100,000 katika muda wa miaka mitano. Hiyo ni nafasi ambayo haitarudi upesi. Mambo manne hayana budi kuingia katika utaratibu: kila mhudumu afundishwe huduma ya kwanza ya akili na namna ya kumtambua aliyezidiwa, kila zahanati iwe na akiba ya dawa za kifafa na za maradhi mazito ya akili, pamoja na orodha ya wanaozitumia iliyohifadhiwa mahali pawili, kila wilaya iwe na muuguzi wa afya ya akili anayezizungukia zahanati kwa ratiba, na kila mpango wa maafa utenge fedha za ziara za mwaka mzima, si za juma la kwanza peke yake.

Shule nayo ina sehemu yake. Mwalimu ndiye mtu mzima anayemwona mtoto kila siku, na mara nyingi ndiye wa kwanza kuona kwamba aliyekuwa mchangamfu amenyamaza. Somo la biolojia linalofundisha neva na homoni lingefaa lifundishe pia kwamba hofu inayodumu si uchawi wala udhaifu wa tabia, na kwamba ina mahali pa kutibiwa. Mwanafunzi akilijua hilo atalipeleka nyumbani. Na mvua za masika zijazo zitakapogonga bati, yule asiyelala atajua kwamba asubuhi anaweza kwenda zahanati na kusema jambo hilo kwa jina lake.